Waya wa Kuchomoa

Boksi la muziki nililichonga mwenyewe kwa plaiwudi ya milimita 18, amplifaya na transfoma yake vikiwa ndani. Tulikuwa tukilikodisha kwenye shughuli za mtaani, Tanga, na kila likirudi waya wake una kidonda kipya: leo umekanyagwa na mguu wa meza, kesho msukuma mkokoteni kaushika kama kamba ya mbuzi. Nikaona bora niweke kichwa cha kuchomekea waya, kama kile cha nyuma ya kompyuta, waya uchomoke ubebwe peke yake.

Kichwa nilikitoa kwenye pawa saplai mbovu. Vidude vile vimetengenezwa kwa ajili ya bati. Nilipokipachika kwa nyuma ya ubao mnene, waya haukuzama mpaka mwisho. Ikabidi nitoboe tundu kubwa, nikate kipande cha bati la kasha la kompyuta, nikifunge hapo kwa skrubu. Jumapili nzima iliishia kwenye tupa. Ethi, ule waya wa usalama wa kwenda ardhini, sikuisahau: nikaiunga kwenye pini ya kati, kwenye bati, na kwenye chesisi ya amplifaya. Nikawasha, taarabu ikalia. Nani kama mimi!

Jioni akapita mzee jirani, fundi umeme mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeunda nini tena?"

Muziki wala hakuujali. Aliniambia nizime swichi ya boksi, nifungue mfuniko wa nyuma. Akachomoa testa mfukoni, akagusa mguu wa transfoma. Kitaa kikawaka.

"Umezima kweli?"

"Nimezima, mzee."

"Mbona kuna moto?"

Akaenda kupima soketi ya ukutani. Tundu la kulia likawasha testa, la kushoto kimya, kama inavyotakiwa. Basi kosa lilikuwa langu. Laivu, yaani waya wenye moto, na nyutro, ule wa kurudisha umeme, nilizitia alama ya penseli nikikitazama kichwa kwa mbele, kisha nikakigeuza ili nilehemu kwa nyuma. Kulia kukawa kushoto. Swichi na fyuzi vyote viwili nikavifunga kwenye nyutro. Ukizima, muziki unanyamaza kweli, ila volti 230 zimekaa palepale kwenye transfoma zinangoja kidole. Na mchana wa siku hiyohiyo nilishaingiza mkono humo kukaza nati, waya uko ukutani, nimezima swichi tu.

Sikumwambia hilo. Nadhani alilisoma usoni.

"Mwanangu, si umeweka waya wa kuchomoa? Sasa mbona huchomoi?"

Nikachomoa. Nikayeyusha risasi, nikabadilisha nyaya mbele yake. Akapima tena, swichi ikiwa imezimwa: testa kimya. Akachukua penseli yangu akaandika L na N ndani ya boksi, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi tulifika harusini mapema, boksi limepakwa rangi mpya, linang'aa. Waya tuliuacha nyumbani juu ya kabati. Tukaenda kuazima wa kompyuta kwenye duka la fotokopi.