Nilivyojifunza kuziba viungo vya dari ya jipsamu

Bodi za dari ya ukumbi wangu hapa Fuoni alizifunga fundi, viungo nikamwambia aniachie mwenyewe. Fedha ilinibana, na kazi ile nilikuwa na hamu nayo. Ami yangu, mpaka rangi wa miaka mingi, akakubali kunielekeza mradi nisimharakishe.

Kumbe kingo ndefu za bodi hutoka kiwandani zimebonyea kidogo, ili mkanda wa nyavu na poda ya kuzibia vipate pa kukaa. Hapo hapana taabu. Taabu iko bodi zinapokutana kwa vichwa, upande mfupi, maana hapana bonde lolote: ukishabandika mkanda, nundu tayari. Huwezi kuiondoa, unaidanganya tu. "Usiizibe mwanangu, itandaze," ami akanambia. Mkono wa kwanza wa poda nikaufunika mkanda, wa pili nikavuka kingo zake, wa tatu nikafika karibu futi nzima kila upande, skrepa, bamba la kupakia poda, nimeilaza na kuikandamiza kwa nje ili poda iishie kwa kufifia.

Poda yenyewe haina subira. Maji yanatangulia kwenye ndoo, poda juu yake, inywe kwanza, ndipo ukoroge mpaka iwe nzito kama mtindi. Nilikoroga kidogo kidogo na ndoo nikiiosha kila mara, kwani mabaki makavu huigandisha upesi poda mpya. Lakini kuganda si kukauka. Ilikuwa masika, na kiungo kigumu kabisa kilibaki kijivu, baridi ukikigusa. Nilingoja kiwe cheupe chote ndipo nikatia mkono mwengine.

Usiku nikaegemeza tochi ukutani, karibu kabisa na dari, mwanga upite ubavu. Kila mchirizi wa skrepa ukatoa kivuli chake. Nikavitia alama kwa penseli. Msasa nambari 150, barakoa usoni, mkono mwepesi. Ukizidisha unaichubua karatasi ya bodi, ikaota manyoya, na hayo rangi haiyafichi.

Praima, ule mpako wa chini kabla ya rangi yenyewe, wengi huiruka, naona kwa ubahili tu. Poda na karatasi hazinywi rangi sawa, na bila praima viungo hujichora upya.

Kabla sijaipaka, ami akaja baada ya Isha, akaitaka tochi. Akaipitisha dari nzima, kimya. "Hapo mlangoni, ongeza."

Nikaongeza.