Darasa la nne walivyojua kusoma, na si kwa ushauri wa semina

Mimi ni mwalimu wa shule ya umma, darasa la nne, watoto wamebanana hadi chini, na wengi wao kusoma hawajui. Semina tukaambiwa wasome kwa pamoja kwa sauti, watazoea tu. Haya, nikafanya. Darasa likawa linarindima, mwalimu mkuu akipita dirishani anatabasamu. Siku hiyo nikamwita dogo mmoja ambaye sauti yake ndo inaongoza wote, nikampa kitabu, akanimwagia hadithi ya sungura na fisi bila kukwama, na sauti nzito ya fisi akaigiza. Sasa kitabu chenyewe kilikuwa wazi kwenye somo la kunawa mikono! Kakariri yote mpaka nukta.

Semina nikaiweka pembeni. Nikapima mmoja mmoja: herufi, silabi, neno, aya, hadithi fupi. Sijabuni mimi, shirika la elimu la Pratham la India wanafanya hivi miaka mingi, na shirika la Uwezo wamepima watoto Afrika Mashariki namna hii kuanzia 2009. Nikaongea na walimu wa la tatu na la tano, kila siku saa moja tunachanganya watoto, kila mtu anakaa na wa kiwango chake, habari ya darasa tunaisahau kwanza. Wakubwa waliona aibu kukaa na wadogo, kwa hiyo nikawafanya wasimamizi wa kadi, wakaanza kugombania kuwahi. Kadi zenyewe ni maboksi ya chaki nimekata nikaandika silabi, gharama ni kalamu nene tu basi. Ukiwapa ka, ba na ta wanakutolea kata, taka, bata, kaba, na mmoja akaunda "kabata" akashikilia kwamba ni bata mdogo, nikampa maksi yake maana ningebishaje?

Na msinambie tusubiri vitabu vya msaada. Mchumi Michael Kremer na wenzake walifuatilia hilo Kenya, vitabu viligawiwa, walionufaika ni wale waliokuwa vizuri tayari, wastani wa wengine palepale. Mtoto asiyejua silabi kitabu kipya atakifanyia nini?

Mwalimu mkuu alinung'unika kuhusu silabasi mpaka wazazi walipoanza kumpigia simu kushukuru, sasa anasema wazo lilikuwa lake. Walimu wa shule ya jirani nao wanataka niwaazime kadi. Siazimi, maboksi ya chaki hata kwao yapo.