Kabla ya kuanza litiamu, uliza maabara iko wapi

Litiamu ni dawa nzuri ya bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hilo sibishani na mtu. Tangu John Cade wa Australia aandike habari zake mwaka 1949 zimekuja dawa kibao na bado yenyewe inatajwa mwanzoni kabisa kwenye miongozo mingi, na ni kati ya dawa chache za akili ambazo tunajua zinapunguza watu kujiua. Lakini mwongozo wa WHO wa mhGAP, ule tunaoutegemea sisi ambao hatuna daktari bingwa wa akili jirani, unasema waziwazi usiianze kama huna uwezo wa kumfuatilia mgonjwa na kumpima maabara. Mimi ni nesi kliniki ya akili hospitali ya wilaya na huo mstari ndo nimeushika kuliko yote, maana watu wanachagua dawa kwa kuangalia jina la ugonjwa tu, bipola basi litiamu, skizofrenia (kusikia sauti, kuamini yasiyokuwepo) basi haloperidoli, alafu habari ya vipimo itajulikana mbele ya safari. Mimi naona vipimo viingie kwenye kuchagua kwenyewe. Dawa ambayo huwezi kuifuatilia kwa huyu mgonjwa, hapa alipo, kwa nauli aliyonayo, hiyo sio dawa yake hata kama vitabu vyote vinaisifia.

Litiamu ina masharti hivo kwa sababu kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Mtu aliyetulia tunataka kwenye damu iwe kati ya 0.6 na 0.8 mmol kwa lita, kwenye mania, yaani ile hali ya kupanda kupita kiasi, inaweza kwenda mpaka 1.0, ikivuka 1.5 hapo unaongelea sumu, mikono inatetemeka vibaya, anaharisha, anatapika, anapepesuka kama kalewa, ulimi mzito, na ikizidi kupanda anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Damu yenyewe haitolewi saa yoyote, inatakiwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo kama kameza saa 2 usiku basi atolewe damu saa 2 asubuhi kabla hajameza ingine. Unapima wiki moja baada ya kuanza, unapima tena wiki moja baada ya kila kubadilisha dozi, ikishatulia kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kwa walio imara kila miezi 6. Figo, thairoidi (tezi ya shingoni) na kalsiamu nazo kila miezi 6. Hiyo ya thairoidi msiidharau jamani, litiamu inaweza kuilegeza taratibu, mtu ananenepa, anasikia baridi, hana nguvu, nyumbani wanasema kawa mvivu au sonona imerudi, kumbe ni thairoidi na inatibika.

Alafu kuna maisha ya kila siku. Kiuno kimemuuma kaenda duka la dawa kapewa diklofenaki au ibuprofeni, litiamu inapanda. Kaandikiwa dawa ya presha ya jamii ya thaiazaidi, au enalaprili, inapanda. Kaharisha siku mbili, au kafunga Ramadhani na hili joto la pwani bila kukaa na daktari kupanga dozi na maji, inaweza kupanda. Ndo maana mgonjwa wa litiamu naongea naye akiwa na anayemuuguza, na ninachowaambia ni kwamba ukiharisha au kutapika unakuja siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki, na dukani kwanza unasema unatumia nini.

Sasa hapa kwetu kipimo cha kiwango cha litiamu hakuna. Mgonjwa mpaka aende mkoani, nauli, siku ya kibarua imepotea, na pengine aambiwe arudi kesho. Ratiba niliyoandika hapo juu kwa mtu kama huyo ni ndoto.

Kwa hiyo wengi wanakimbilia valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa bipola, na hapa ndo naomba tusikilizane vizuri. Kwa mwanaume mtu mzima sawa tunaweza kuongea. Kwa binti au mama anayeweza kushika mimba, hapana. Watoto wanaozaliwa na mama anayetumia valproeti, karibu 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro za mwili, ikiwemo mgongo wazi, na 30 mpaka 40 kati ya 100 wanapata shida za ukuaji wa akili, kuchelewa kuongea, kuchelewa kutembea, kushindwa masomo. WHO mwaka 2023 walirudia kusema isitumike kwa wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa. Na kusema "hajaolewa" sio njia ya kuzuia mimba.

Unasema basi tumpe kabamazepini, nayo ni dawa ya kifafa inayotumika kwa bipola. Nayo ina hatari zake kwa mimba, alafu inaliharakisha ini kuvunja homoni, vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vinapungua nguvu, anabeba mimba akiwa na kijiti mkononi. Na kama anatumia ARV zenye dolutegraviri inaishusha hiyo pia, mpaka anywe mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kwa hiyo kabla hujaandika kabamazepini nenda kaongee na watu wa CTC (kliniki ya wanaotumia ARV), sio mgonjwa apelekwe kama mpira huku kila kliniki ina faili lake na hazijuani.

Kwa binti wa namna hiyo mwenye mania, hospitali kama yetu, mimi nikiulizwa na dokta huwa nasema tuangalie olanzapini au risperidoni. Sio kwamba hazina madhara, zinayo mengi, ila madhara yake mengi nayaona kwa vifaa nilivyonavyo. Olanzapini inanenepesha na kupandisha sukari, sawa, nina mzani, nina futi ya kamba ya kupima kiuno, nina mashine ya sukari. Uzito kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo, alafu wiki ya 12, alafu mwaka, sukari, presha na mafuta kwenye damu wiki ya 12 na mwaka. Uzito ukianza kukimbia wiki za mwanzo usisubiri mpaka nguo zote zimembana, rudini mezani mapema. Risperidoni inaweza kukata hedhi na kutoa maziwa kwa mtu asiye na mtoto, na wanaume nguvu zinapungua, na hakuna atakayekwambia usipomuuliza, wanaacha dawa kimyakimya. Muulize mwenyewe, mkiwa wawili, mlango umefungwa.

Haloperidoli bado ndo inapatikana kirahisi na ni dawa ya maana, ila anza chini. Shingo inayopinda na macho kugeukia juu siku za mwanzo ndo kinachofanya familia nzima iseme hospitali wamemuharibu mtoto. Na Artane, dawa ya kulegeza huko kukakamaa, sio ya kumpa kila mtu toka siku ya kwanza kama kinga, mhGAP inasema hivo hivo, ni ya muda mfupi kwa aliyepata shida.

Klozapini wengi wanaiogopa kwa sababu ya Finland mwaka 1975, watu walikufa baada ya chembe nyeupe za damu kuisha. Ni kweli, ila kipimo chake kikuu ni FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu, ambayo sisi tunayo! Mgonjwa wa skizofrenia aliyejaribu dawa mbili kwa dozi na muda wa kutosha bila nafuu anastahili kufikiriwa klozapini ikipatikana, kwa ratiba ya Uingereza iliyotumika miaka mingi ni FBP kila wiki kwa wiki 18, kila wiki mbili mpaka mwaka uishe, alafu kila mwezi. Na muulize choo kila anapokuja, kufunga choo kwa klozapini kunaua.

Nimalizie na wewe unayesoma na unatumia litiamu na hujapimwa muda mrefu. Usiiache leo usiku kwa sababu yangu, ikikatwa ghafla mania inaweza kurudi kwa kishindo. Nenda ukapime kwanza, kiwango, figo na thairoidi. Kama wewe na daktari mtaamua iachwe, inapunguzwa kidogokidogo kwa wiki 4 angalau, ikiwezekana miezi 3, na tarehe za kupunguza ziandikwe kwenye kadi ili na wa nyumbani wazione.