Tarumbeta kwa fundi rejeta

Desemba mjini Moshi mpiga tarumbeta hapati usingizi. Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wanarudi nyumbani, na harusi zilizochangiwa mwaka mzima zinaangukia wiki chache tu. Mwaka 2014 nilikuwa kwenye kikundi cha mtaani Majengo: tarumbeta, tromboni, tuba moja na ngoma. Tukikodiwa tulipanda nyuma ya pikapu, tukatangulia mbele ya gari la maharusi tukipuliza njia nzima.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafuta tarumbeta yangu, na kile kijiti kifupi kinachoshikanisha bomba la mdomoni na bomba la pili kikabaki mkononi. Risasi, ile ya kulehemu, iliyokiunga ilikuwa imechoka. Sauti haipiti kwenye kijiti hicho, kwa hiyo asiyejua atakiona kama pambo. Lakini ndicho kinachobeba nguvu za mkono na mdomo. Kisipokuwepo, bomba linapinda kidogo kidogo kila unapokaza, mwisho viungo vyake vingine navyo vinang'oka. Na mchana tulikuwa tunasubiriwa Marangu.

Wenzangu wakasema tubandike gundi. Nikakataa kabisa. Gundi ikishaingia kwenye kiungo, risasi haishiki mpaka uikwangue yote, na huku unakwangua shaba nayo inaisha. Fundi wa vyombo vya kupuliza hatukuwa naye, basi nikajiuliza ni nani mjini anayeshinda na shaba mkononi. Fundi rejeta! Rejeta za Land Rover za zamani ni za shaba, na zimeungwa kwa risasi vilevile.

Nilipitia sokoni Mbuyuni kununua magadi, nikachukua na mafuta ya taa, kisha nikaenda kwenye gereji ya mzee mmoja aliyekuwa akiziba rejeta chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Rejeta iko wapi?"

Nikafungua mfuko. Aliigeuzageuza tarumbeta, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Bati lake ni jembamba," akasema. "Moto wangu mkali. Wewe niambie nisiupeleke wapi."

Hapo nikajua nimefika kwa fundi wa kweli. Wengi wangewasha moto kwanza.

Tarumbeta imetengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na kuyeyuka kwake kunataka nyuzi zaidi ya 900. Risasi ya kuungia huachia kwenye nyuzi 200 hivi. Kwa hiyo hofu yetu ilikuwa viungo vya jirani, maana ukizembea unaunga kimoja na kufungua viwili. Nilichomoa pistoni zote tatu, zile zinazobonyezwa kwa vidole, nikazifunga kwenye kitambaa kikavu. Vitambaa vibichi tukavizungushia pande zote za kiungo. Mzee akapiga msasa mpaka shaba ikang'aa, akapaka asidi kidogo kwa ncha ya kijiti ili risasi ishike, akaleta moto na kuuondoa, akauleta tena. Risasi ikakimbia yenyewe kuzunguka kiungo, ikatulia. Tulipomaliza tuliosha kwa maji ya magadi ili kuua asidi, kwa sababu ikibaki inaendelea kula shaba kimyakimya.

Nikiwa narudisha pistoni na kuzidondoshea mafuta ya taa, akaniuliza sauti inatoka wapi humo ndani. Nikamwonyesha kwa midomo mitupu: ukiitetemesha, tayari una sauti, na bomba linaipa ukubwa na mahali pa kusimama. Kwa midomo peke yake unapata sauti chache zilizoachana. Pistoni huongeza urefu wa bomba ili kujaza mapengo: ya pili hushusha nusu toni, ya kwanza toni moja, ya tatu toni moja na nusu. Akaomba ajaribu. Pulizo la tatu likatoka, nene na la moja kwa moja, na mafundi wa jirani wakaacha kazi kutazama. Mapafu ya watu wa kazi ngumu ni hazina, nimeyaona hata kwaya za kanisani.

Alinitoza elfu tano, bei yake ya kuziba tundu la rejeta.

Tukapita Himo, tukaanza kupanda. Marangu kulikuwa na ukungu, na baridi hushusha sauti ya vyombo vyote vya shaba. Barabarani hilo si tatizo, maana mnashuka pamoja. Kanisani kuna kinanda cha umeme, nacho hakijui baridi. Tulisukuma ndani mabomba ya kurekebishia sauti ili ipande, tukapumulia vyombo hewa ya moto, tukamwaga maji yaliyojikusanya. Watu hudhani ni mate, kumbe mengi ni mvuke wa pumzi uliogeuka maji ukikutana na shaba baridi. Huku Kilimanjaro, walikofika wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, sharika nyingi za Kilutheri zina matarumbeta yao, na wazee wa pale wanasikia haraka sana chombo kikipotea. Siku hiyo hakuna aliyegeuza shingo.

Kiungo kilikaza. Nilipuliza kutoka kanisani hadi ukumbini, mlima mzima, nikiwa nimebana kama kawaida yangu. Sikukuu zilipokwisha nilimrudia mzee na tuba yetu iliyokuwa ikivuja, na safari hii alikuwa ameshatengeneza kibano cha mbao cha kuishikilia.