Nilirudisha Q mfukoni

Jumapili iliyopita mjomba alinifunga tena Scrabble, ule mchezo wa kupanga vibao vya herufi ubaoni viwe maneno ya Kiingereza kwa pointi, ila safari hii nikisema ukweli nilijifunga mwenyewe na bado inaniuma, ndo maana naandika.

Kwetu Mombasa mjomba akishamaliza kahawa yake ya alasiri anatoa lile boksi, ubao wenyewe kona moja imebandikwa selotepu na E moja ilipotea zamani kwa hiyo tunacheza na E 11 badala ya 12. Nikaanza mimi. Nikachota herufi zangu saba kwenye mfuko wa mchezo nikazipanga: Q, A, L, T, A, I, D.

Nikaiangalia ile Q nikaanza kutafuta U. Hakuna. Shule tulikaririshwa Q haitembei bila U, queen, question, quick, basi nikaona huu mkosi, nikairudisha Q mfukoni pamoja na D nikachota zingine, na ukibadilisha herufi zamu yako imeenda. Mjomba kimya. Zamu kama nne mbele akaweka W, A, Q, F, halafu akanitazama kwa juu ya miwani.

Nikamwambia mjomba hiyo si Kiingereza, hiyo ni wakfu. "Fungua kamusi." Tukafungua orodha ya maneno ya Collins, ipo. Na Q ilikuwa ileile niliyoirudisha mimi!

Mchezo ulipoisha nikamtajia herufi nilizoanza nazo. Hakucheka hata. Akazitafuta moja moja akazipanga mezani, T-A-L-A-Q. "Mamangu, umekaa madrasa miaka yote ile, talaka imekushinda?"

Sasa piga hesabu uone nilichotupa. Neno la kwanza lazima lipite katikati ya ubao na pale pointi zote zinazidishwa mara mbili. Ukiianza T palepale katikati, Q inadondokea kwenye kile kisanduku cha bluu nyepesi kinachoizidisha herufi mara mbili, pointi zake 10 zinakuwa 20, jumlisha nne za wenzake ni 24, mara mbili 48. Arobaini na nane kwa neno la kwanza! Hata ningeona QADI tu, yaani kadhi, ilikuwa 28.

Tangu siku hiyo nimekuwa nawinda Q zisizo na U na nusu yake nakuta ni watu wa nyumbani. QIBLA ni kibla, NIQAB ni nikabu, FAQIR ndo fakiri, QAT ni miraa wanayotafuna vijana hapo kijiweni. Waingereza walizichukua kwa Waarabu na sisi tulizichukua hukohuko, tofauti ni kwamba sisi tuliiacha Q mlangoni tukaingia na K. QI sio yetu, hiyo ni ya Wachina, lakini ikariri tu, herufi mbili zitakuokoa siku Q imekukwama.

Yule aliyeubuni huu mchezo, Alfred Butts, alikuwa msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi miaka ya 1930 mdororo ulipoipiga Marekani, na alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ajue ipi inatokea sana na ipi adimu. Ndo maana E ziko nyingi hivyo na Q ni moja yenye pointi 10. Angehesabu gazeti la Kiswahili Q isingekuwepo kabisa, na A zingejaa mfuko mzima.

Na hapo kwenye A ndo kuna ugonjwa wangu mwingine. Kichwa changu kilifundishwa kusoma kwa ba be bi bo bu, kwa hiyo nikipewa herufi chungu nzima nazipanga konsonanti vokali konsonanti vokali bila hata kufikiria, na Kiingereza hakiendi hivyo. Siku moja nilishika E, G, H, L, N, S, T nikaona vokali moja tu nikalia, nikaweka HEN. Ilikuwa LENGTHS, herufi zote saba, na ukizimaliza saba kwa mkupuo unapewa 50 juu. Mjomba anasema Kiingereza kianzie mkiani: itoe S iweke pembeni, halafu tafuta kama una ING, ED, GHT, NGTH, zile zinazobaki zitajisema zenyewe. Inasaidia kweli, nakuambia.

Kuna hizi app unaandika herufi inakutolea maneno. Katikati ya mchezo ni wizi, tusidanganyane, ila mchezo ukiisha mimi naifungua nijue nilikosa nini. Nilidhani inajaribu kila mpangilio, na herufi saba tofauti zina mipangilio 5,040, kumbe ipo njia rahisi sana, kila neno la kamusi herufi zake zinapangwa kwanza kwa alfabeti, na maneno yenye mpangilio mmoja yanawekwa kapu moja. AEINRST ni kapu moja, ndani kuna RETAINS, NASTIER, RETINAS, STAINER na wengine. Wachezaji wakali wanakariri hayo makapu, kujua neno lina maana gani si lazima. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakizungumzi.

Jana usiku nikamtumia mjomba AEINRST kwenye WhatsApp, bila hata salamu. Dakika mbili akajibu: RETSINA.

Nikamuuliza ndo nini hiyo. Akaniambia nitafute. Nikatafuta, nikamwandikia mjomba hii ni mvinyo wa Wagiriki.

"Astaghfirullah," akajibu. "Lakini pointi zangu usizitoe."