Bakteria wa chupa? Hela hiyo ishike kwanza

Kila ikitajwa hii habari ya kusafisha udongo uliomwagikiwa mafuta kwa bakteria, swali la kwanza ni hao bakteria wanauzwa wapi. Mi nasema subiri. Mara nyingi wapo humo humo udongoni, kina Pseudomonas na Rhodococcus, wamekula mafuta tangu zamani maana mafuta ghafi hujivujia yenyewe ardhini bila mtu kuyachimba. Shida yao ni lishe. Mafuta karibu yote ni kaboni na hidrojeni, naitrojeni kiduchu, fosforasi ndo kabisa, sasa mwili wataujengea nini? Ndo maana wanaofanya kazi hii hupiga hesabu ya uwiano, kaboni sehemu 100, naitrojeni 10, fosforasi 1, halafu wanaweka mbolea. Hata Alaska, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta 1989, fukwe zilipigwa mbolea. Ila usizidishe, chumvi ya mbolea ikipanda udongoni unawaua hao hao unaowalisha.

Hata yule mwanasayansi Chakrabarty aliyetengeneza bakteria wake wa kula mafuta maabara, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1980 akashinda hataza, yaani haki ya kumiliki alichobuni, anajulikana zaidi kwa ile kesi kuliko kwa mafuta aliyosafisha.

Kinachosahaulika zaidi ni hewa ya hao bakteria. Chukua udongo uliolowa mafuta uuminye, umeshikamana, mweusi, ukidondoshea maji yanabaki vitone juu hayataki kuingia, sasa oksijeni itapita wapi? Kwa hiyo unautandaza tabaka la kama sentimita 30 hivi juu ya turubai nzito ili mafuta yasishuke kwenye maji ya chini, unachanganya maranda ya mbao ulegee, unanyunyizia maji uwe na unyevu ila usiwe tope, na unautifua tena na tena, miezi kabisa, na kukiwa na baridi bakteria wanazembea vibaya mno.

Halafu harufu isikudanganye jamani. Petroli ikiacha kunuka wiki za mwanzo, nyingi imepaa tu hewani, bakteria wanasifiwa bure. Dizeli inalika vizuri, ila yale mazito ya jamii ya lami yanabaki, kwa hiyo pima maabara kabla na baada. Na kama ni oili chafu ya injini, humo kuna metali, mfano risasi, na risasi hailiwi na bakteria yeyote, hiyo itabaki pale pale hata utifue mwaka mzima.