Mzee Aliyepima Yoti kwa Dhiraa

Juzi upepo wa matlai ulileta harufu ya faiba mpaka barazani kwangu. Kuna kijana huku Lamu, nyuma ya mtaa wa Langoni, amefungua uwanja wa kutengeneza boti, na siku akichanganya resini mtaa mzima unajua. Mke wangu alikwenda kufunga madirisha. Mimi nikabaki nje na mpwa wangu, ambaye wakati huo huo alikuwa na simu mkononi akinipigia hesabu ya kwa nini tuiuze mashua ya Ami tununue boti ya faiba yenye mashine mbili. Kila aliposema neno faiba na harufu ile ikapita, mimi nilikuwa Mina Seyahi, Dubai, Machi ya 2008, kwenye maonyesho ya boti.

Jinsi nilivyofika kule, na ile kampuni iliyozifungia pasi zetu kabatini, ni habari ndefu ya siku nyingine. Nilikuwa kibarua wa kusafisha boti, ndio hivyo. Nyumbani hali haikuwa njema. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimetulizwa kwa mkataba wa mwisho wa Februari, lakini wageni walikuwa wamekwisha kukimbia pwani nzima. Ami alinipigia akaniambia mashua zimelala Shela zote, hakuna hata mtu mmoja wa kumpeleka kwenye magofu ya Takwa.

Na mimi huku nimezungukwa na vyombo vya starehe ambavyo sikuwahi kuona mfano wake. Ghorofa juu ya ghorofa, vioo vyeusi, vitanda vya kuotea jua. Vingine vilitoka Italia na Uingereza. Vingine viliundwa palepale Imarati, Umm Al Quwain, na Gulf Craft, kampuni iliyoanza kazi 1982. Upande wa pili wa maji winchi za ujenzi zilikuwa hazinyamazi usiku na mchana, Dubai ikijimwagia visiwa vyake baharini. Kila mtu pale alikuwa na uhakika kwamba bahari ndiyo biashara ya kesho.

Kazi yetu ilianza alfajiri. Mwezi wa Machi kule umande huanguka mzito, nao una chumvi. Ukiachwa ukaukie juu ya faiba, jua likipanda chombo chote kina madoa. Kwa hiyo kabla ya milango kufunguliwa tulikuwa tumekwisha kupita na vitambaa, Wamalabari, Wafilipino na sisi watu wa Afrika Mashariki, tangu omo mbele mpaka tezi nyuma. Sitaha zilikuwa za msaji. Ule msaji nilikuwa nikiufuta polepole kuliko msimamizi alivyotaka. Ulikuwa ubao mzuri, umeparuzwa vizuri, na katikati ya mbao, mahali ambapo sisi tungetia pamba ya kalafati kuzuia maji, wao wametia mpira mweusi.

Mchana nilipewa kusimamia viatu. Mtu hapandi yoti na viatu, sitaha itaharibika, kwa hiyo mguuni mwa kila daraja kuna kikapu. Mgeni anavua, anapanda, anazunguka, anapiga picha na usukani, anashuka, anatafuta viatu vyake. Nilikuwa na yoti moja ya futi sitini na sita iliyofungwa ubavu kwa ubavu na gati linaloelea. Watu walipopungua nikajibanza nyuma ya nguzo kumpigia Ami, kwa sauti ya chini, nikimwambia nitatuma chochote mwisho wa mwezi. Nilipokata simu nikasikia nyuma yangu:

"Mtu wa Lamu wewe?"

Alikuwa mzee wa Kiomani, kanzu nyeupe, kilemba, bakora mkononi, ndevu zimepunguzwa. Kiswahili chake cha Unguja Mjini, hakina doa.

"Ndiyo, mzee. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Lamu ya wapi? Mkomani au Langoni?"

Sikutegemea mtu wa Dubai kuniuliza Mkomani au Langoni. Nikamwambia Langoni, lakini kwa mama ni Matondoni, kijiji cha waundaji vyombo. Akalishika hilo la pili.

"Matondoni! Bado wanaunda?"

"Bado, mzee. Kidogo kidogo."

Akaniambia yeye ni mtu wa Sur, mji wa bandari wa Oman, mama yake mzaliwa wa Unguja, na ujana wake ameumalizia ndani ya majahazi. Wakishuka na kaskazi, tende na papa mkavu ndani, wakifika kwetu wanapakia boriti za mikoko na kungoja kusi iwarudishe. "Mwezi kama huu," akasema, "tungekuwa kwenu. Tunahesabu boriti." Nyumba ya baba yake huko Sur bado imelalia boriti za Lamu, na upana wa vyumba vyake ni urefu wa boriti, kama nyumba zetu. Nilimwamini. Ijumaa za mapumziko nilikuwa nikenda Bastakiya, mtaa wa kale wa Dubai, kutazama dari za nyumba za kale, na juu yake ni miti yetu ile ile. Aliniuliza kama bado zinasafirishwa. Nikamwambia hapana, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuzipeleka nje tangu 1982.

Hakusema kitu. Akaegemeza bakora kwenye kikapu cha viatu, akakunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko, akaenda tezi ya ile yoti. Akainama. Akaweka kiwiko chake kwenye ubavu wa faiba, akanyoosha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, na pale kidole kilipoishia akaweka kidole cha mkono wa pili. Kisha akahamisha kiwiko pale. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, sijui kwa ajili yangu au ndivyo alivyozoea. Penye boya la kukinga ubavu aliliinua kwa bega akapitisha mkono chini yake. Watu walianza kutazama. Mwanamke mmoja alipiga picha. Muuzaji aliyekuwa sitahani alichungulia, akaniangalia mimi kama kwamba nimemruhusu mtu kufanya jambo, na mimi nikaangalia viatu. Mzee hakuharakisha. Mikono yake ilikuwa na madoa ya uzee na vidole vinene, na kila alipoigusa ile faiba nyeupe niliyoifuta alfajiri, ilibaki alama ndogo ya jasho, kiwiko na kidole, kiwiko na kidole, mstari mzima mpaka omo.

"Arubaini na nne," akasema, akinyoosha mgongo.

Dhiraa moja ni futi moja na nusu. Nilipiga hesabu kichwani. Sitini na sita barabara, kama ilivyoandikwa kwenye kijitabu cha muuzaji. Nilimwambia. Alifurahi waziwazi, akacheka, meno machache.

"Jahazi letu lilikuwa dogo kuliko hili. Tulikuwa mabaharia thelathini, na abiria, na mbuzi. Tukilala juu ya mzigo. Hiki wanalala wangapi?"

"Wageni wanane, mzee. Na mabaharia watatu chini."

Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Na likipasuka, nani analikalafati?"

Nikamweleza. Hakuna kalafati. Unakwangua, unalaza kitambaa cha nyuzi, unamwaga resini, kikikauka unapiga msasa. Aliuliza inachukua muda gani, nikamwambia siku mbili na mtu asiyejua kuunda anaweza kufundishwa kwa mwezi. Hilo alilifikiria sana. Nililiona usoni kwamba hakulidharau.

Ndipo akaja mjukuu wake, kijana mwenye miwani, mabegi mawili ya vijitabu. Walikuwa wametoka Maskati kutafuta boti ya kupeleka wazamiaji visiwa vya Daymaniyat, ambavyo Oman ilivifanya hifadhi tangu 1996, na watalii wa kwenda kutazama kasa na matumbawe walikuwa wanaongezeka. Babu alikuwa ameletwa kwa heshima. Mjukuu akamwambia kwa Kiarabu twende, ya kwetu iko gati lile. Mzee akachukua bakora, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo:

"Kule Khasab, kwetu Oman, watu wametandika mazulia ndani ya majahazi, wanawapeleka wageni kuwaona pomboo. Jahazi la mbao, mwanangu. Mgeni faiba kwao anayo. Mwambie ami yako. Lakini mwambie pia lisikae. Mbao ikikaa nchi kavu, yote hufunguka."

Akaenda. Jioni nilifuta ule mstari wa alama ubavuni, kwa sababu ilikuwa kazi yangu.

Mengine yalikwenda mbio. Septemba mabenki ya Marekani yakaanguka, mwaka uliofuata yoti zikawa hazina wanunuzi na sisi hatuna kazi. Nikarudi 2009. Mashua ya Ami ilikuwa ya kubeba mchanga na mawe. Tukaisugua, tukapaka deheni upya, tukashona mito, tukatia turubai la kivuli. Wageni walikuja. Wazungu wa Shela, Wahindi wa Nairobi, na zaidi na zaidi Wakenya wa bara ambao hawajawahi kupanda chombo cha tanga. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikipanda na tanga kushika upepo, wote hunyamaza, mtoto na mtu mzima. Nimeliona hilo mara nyingi na bado linanipendeza. Mwaka mpya tukishindana Shela, vijana wananing'inia juu ya ubao nje ya chombo kukizuia kisipinduke, na pwani yote ni watu. Bila wageni sijui kama mashindano yale yangebaki. Sijui kama Matondoni wangekuwa na chombo cha kuunda.

Halafu 2011. Utekaji wa wageni Kiwayu, kisha Manda, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuja. Wavuvi nao walikatazwa kuvua usiku, mpaka 2018. Mashua nyingi za wageni zilipandishwa pwani Shela, na nilishuhudia kwa macho yangu alichokisema yule mzee: jua linaikausha mbao, pamba inatoka, unapitisha kisu kati ya ubao na ubao. Ya kwetu haikufunguka kwa sababu Ami aliitoa mito siku hiyo hiyo akarudi kwenye kazi ya mchanga. Watu walisema imeshuka hadhi. Ami alisema ina maji chini yake.

Hili ndilo ninalotaka wakubwa wetu walisikie wanapozungumza uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, maana maneno hayo sasa yako kwenye kila mkutano. Mnahesabu vitanda, mnahesabu gati, mnahesabu wageni walioshuka uwanja wa ndege wa Manda. Wahesabiwe na mafundi wenye kujua kupinda ubao, na vijana wanaojifunza kwao. Utalii wa bahari unaishi juu ya vyombo vilivyoundwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo nyingine inakwisha. Mchanga siku hizi unabebwa na boti za mashine. Corona ilipokuja 2020 mashua ya Ami haikuwa tena na mchanga wa kurudia. Tuliizamisha nusu kwenye maji ya kina kifupi, makusudi, mbao zisikauke, na kila baada ya muda nilikwenda kuitazama.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponipigia hesabu yake juzi, nilimsimulia yote haya, ya mzee na dhiraa zake. Alisikiliza vizuri, ni mtoto mwenye adabu. Anajua mambo ambayo mimi siyajui. Anajua kwamba mgeni wa siku mbili hataki kungoja upepo, anataka kutoka Manda afike Shela kabla chai haijapoa, na kwamba hoteli zinampigia simu mwenye mashine kwanza. Anajua kalafati ya mwaka inakula faida ya miezi mingapi.

Alipomaliza kusikiliza aliniuliza swali moja.

"Yule mjukuu, mwishoni, alinunua nini?"

Nikamwambia ukweli. Alinunua faiba, boti ya futi thelathini na kitu, mashine mbili. Niliwaona siku ya mwisho wakitia sahihi, babu kasimama pembeni, na alinipungia mkono.

Mpwa wangu hakucheka wala hakusema unaona. Tulikaa mpaka Magharibi tukizungumza bei. Tumekubaliana kalafati ya mwaka huu tutagawana nusu kwa nusu, na fundi wa Matondoni amesema ataweza kuanza baada ya maji ya bamvua. Habari ya faiba tutaizungumza tena baada ya Ramadhani, Ami naye akiwepo.